Shuka Nilizofua Hotelini

Haloo, Brigita shoga yangu, umeamka? Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Alfajiri bomba la bafuni lilikuwa linadondosha maji, to, to, to, usingizi ukakatika. Leo ni siku ya tatu tangu mwanangu Nickson anilete kupumzika kwenye hii hoteli ya ziwani, na kwetu mgeni siku ya tatu anashika jembe. Jembe halipo. Nikafua shuka nilizolalia, nikazianika juu ya maua, nikafagia baraza hadi mlango wa mgahawa.

Shuka, Brigita! Wageni wanakunywa chai wanazitazama!

Msimamizi akamwita Candide, yule mama anayesafisha vyumba. Ndiye aliyenichambulia samaki, mgebuka, jana nisije nikakwamwa na mwiba. "Mgeni anafanya kazi yako, wewe unalipwa ya nini? Vua sare, nenda zako."

Nikasema, "Baba, nimejitakia mwenyewe." Akanijibu kwa upole, "Bibi, kapumzike." Nikamshika mkono. "Bibi, kapumzike."

Kapumzike! Mwenzangu anafukuzwa, mimi nipumzike!

Nickson anampigia meneja, hapokei.

Nimemfuata Candide hadi getini nalia, na yeye ndiye aliyenifuta machozi, kwa kanga yake. Hakunilaumu hata kidogo.

"Tangu tutoke Burundi hakuna aliyewahi kunipunguzia kazi," akasema. "Nakaa Buzebazeba, nyuma ya mashine ya kusaga. Tusiishie hapa, Bibi. Njoo unione tena. Kwangu utafagia utakavyo, hakuna wa kunifukuza."