Watano Niliowaamini Kuliko Daktari

Dada Veronika,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Nimekaa juu ya gunia la mahindi hapa ghalani Babati, mgongo unauma, nakuandikia neno ambalo sikulisema mbele ya jeneza lako.

Unakumbuka ulipokuja kukaa kwangu Nangara, tukaingia wote kwa daktari? Alikuongezea kidonge cha pili cha presha. Ukamuuliza, kwa sauti yako ile isiyoogopa mtu, "Binti, kitanisaidia kweli?" Akasema kile cha kwanza wana uhakika nacho mkubwa. Hiki cha pili uhakika ni wa kati: tafiti nyingi zikikusanywa pamoja zinaonyesha kinasaidia, ila utafiti mpya unaweza kubadilisha jibu. Akakwambia umeze vyote viwili, na ukiona shida urudi.

Miguu ilipoanza kuvimba, ukaniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyefika kidato cha pili. Nifanye nini?" Laiti ungemuuliza mwingine. Badala ya kukurudisha kwa daktari, niliuliza makuli wenzangu. Watano waliapa kwamba unga wa mizizi unamaliza presha. Mussa, mmoja wao, akanicheka: "We Kigoma, daktari anakwambia labda, sisi tunakwambia unapona! Unangoja nini?" Nikahesabu: watano wana uhakika, mmoja hana. Nikaja kukwambia, "Hata daktari mwenyewe hajui."

Ukaacha vidonge vyote, hata kile cha kwanza. Ukanywa ule uchungu, ukanishukuru. Dada, ulinishukuru.

Kiharusi kilikukuta unafua nguo zangu za kazi.

Tulipokwisha kukuzika nyumbani Kasulu, Kigoma, nikarudi huku, nikamuuliza kila mmoja alijuaje. Wanne walisikia kwa Mussa. Mussa alisikia kwa mama mkwe wake anayeishi Mutuka. Nikaenda. Yule mama akanipa uji, akasema presha yake ilishuka kweli tangu aanze mizizi, lakini vidonge vya hospitali anameza kila siku. "Niviache, mwanangu? Nina wazimu?" Kumbe sikuwa na watu watano. Nilikuwa na mmoja, naye hajui ni kipi kilichomsaidia.

Nilirudi kwa daktari. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema wao hawahesabu vinywa. Wanauliza kila utafiti ulifanywaje, ndipo wanasema wana uhakika kiasi gani. Aliposema "wa kati" alikuwa anatupa ukweli wote aliokuwa nao. Mimi nikaona hajui kazi.

Sasa ni Jeni. Binti yako amepimwa, naye ana presha, na vidonge hataki hata kuviona. Msibani watu walisema dawa za hospitali ndizo zilizokuua, nami nikaendelea kula. Juzi kanipigia: "Mjomba, nimeze kilichomuua mama?" Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumatatu napanda basi kwenda kwake. Kwenye simu nitapata pa kujificha, kwa hiyo nitakaa mbele yake nimwambie aliyekuachisha dawa ni mimi, kisha nimsindikize hospitali akamuulize daktari mwenyewe. Akinichukia ni haki yake, mradi ameze. Hilo nakuahidi.

Lala salama, Dada. Msamaha siuombi leo. Nitauomba baada ya kuongea na Jeni.

Mdogo wako,
Anthoni