Nyumba Isiyo na Shikamoo

Nyarugusu, Geita
2 Novemba 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kifua kimeacha kukusumbua. Mimi sijambo, biashara ya chakula inaendelea, na mvua imetugeuza wote rangi ya tope.

Ni mara ya tatu nakuandikia tangu niondoke mwaka tisini na tatu. Najua barua zinafika, maana zinapitia sanduku la duka la Mzee Mohamedali, naye hapotezi hata kipande cha uzi. Hujajibu hata moja, lakini sina kinyongo. Nataka kuja nyumbani kwa Krismasi, wiki moja tu. Wachimbaji wengi huenda kwao wakati huo na jiko langu hupoa. Nataka kufagia kaburi la mama, na kukusikia ukigombana na redio.

Nakumbuka ulichoniambia nikiwa kizingitini na begi langu: "Anayekwenda kuwapikia wachimbaji ugali asirudi kula wangu." Nauliza kama bado ni hivyo.

Mwanao,
Mageni

Ngokolo, Shinyanga
13 Novemba 1997

Mageni,

Mwadila. Kifua ni kizima. Redio inaendelea kusema uongo nami naendelea kuisahihisha.

Barua zako zote tatu nimezisoma. Zote zinaanza na shikamoo. Umelelewa wapi? Katika nyumba hii tuliamkiana Kisukuma, mwadila kwa mwadila, salamu inayokwenda na kurudi ikiwa ileile, mtoto kwa baba na baba kwa mtoto. Neno lako hilo maana yake ni kumshika mtu miguu. Nimeandika gazetini mara mbili, mwaka sabini na nne na themanini na moja, kwamba taifa lililofukuza wakoloni haliwezi kuendelea kushikana miguu. Wakanijibu wachungaji, masheikh na bibi mmoja wa Tanga, hakuna aliyenishinda. Sasa binti yangu mwenyewe ananiamkia kama tarishi anavyomwamkia mkurugenzi. Nikafikiri ananidhihaki, au amekuwa mgeni kweli. Nilikupa jina Mageni kwa sababu siku uliyozaliwa wageni walijaa uani, si ili uwe mmoja wao.

Njoo kwa Krismasi. Ugali upo. Neno hilo liache Geita.

Baba yako,
Mwl. Bujiku

Nyarugusu
24 Novemba 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeliandika tena, na safari hii kwa makusudi.

Asante kwa jibu. Nimelisoma mara nne, na wanawake ninaopika nao wamelisikia. Wamesema, "Kumbe ubishi wako una baba." Nakushukuru kwa ubishi huo. Ndio uliofanya nisidhulumiwe huku, ambako mwanamke anayejua kusoma mkataba anaogopwa kuliko polisi.

Sikukudhihaki. Mwaka juzi niliugua malaria mpaka nikaacha kuwatambua watu. Bibi Euphrasia, Mzinza anayeuza dagaa karibu na jiko langu, alinihamishia kwake. Wiki tatu alininywesha uji kwa kijiko. Kila asubuhi nilimwambia shikamoo, na kabla hata hajafungua dirisha aliweka mkono kichwani kwangu akasema, "Marahaba, mwanangu." Nikatambua kwamba nina miaka ishirini na mitatu na sijawahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwako. Umenipa vitabu, umenipa hoja, na kwa vyote nakushukuru. Nataka na hilo. Mara moja tu.

Kama huwezi, baba, nitakula Krismasi kwa Bibi Euphrasia, bila hasira.

Mwanao,
Mageni

Ngokolo
9 Desemba 1997

Mageni,

Mwadila. Nimechelewa kwa sababu nilikuandikia kurasa sita za hoja, nikaenda nazo dukani kununua bahasha. Mzee Mohamedali akazipima unene kwa vidole. "Mwalimu, hii barua au hati ya mashtaka?" Nikamwambia ni suala la utu wa Mwafrika. Akasema, "Wewe umemshinda kila mtu mtaa huu. Ndiyo maana chai unakunywa na mimi tu." Mjukuu wake Shirin alicheka mpaka akajificha nyuma ya vitenge. Nikarudi na kurasa zangu.

Ukurasa wa nne ulikuwa na jambo ambalo sijapata kukueleza. Nilikuwa na miaka saba, nikiwa na baba yangu mnadani Kishapu. Alimwona karani wa mtemi, kijana mdogo kuliko kaka yangu mkubwa. Baba akapiga magoti vumbini, akasema shikamoo. Karani alikuwa anakula muwa. Hakuitikia. Baba akabaki magotini akingoja, mpaka yule mtu alipomaliza pingili yake akaondoka. Tulitembea hadi nyumbani, vumbi likiwa bado magotini kwake. Hapo ndipo nilipolichukia neno hilo. Vitabu vilikuja baadaye.

Nilipoandika "hakuitikia" niliweka kalamu chini. Barua zako nne zilikuwa mezani, zimefunguliwa. Miaka yote hii nimepigana na neno, na karani nimemwacha aende zake.

Sijui kama kinywa changu kitaweza. Siahidi. Njoo tu.

Baba yako,
Bujiku

Nyarugusu
5 Januari 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, ingawa kivukoni Busisi tulingoja siku nzima na barabara imekatika mahali pawili. Bibi Euphrasia anakusalimu. Michembe uliyompelekea anaitafuna kutwa. Anasema viazi vyako vilivyokaushwa ni vigumu kama wewe, lakini ukivumilia vinakuwa vitamu.

Ninaandika kushukuru, na kuna kosa langu pia. Nilishuka kwenye lori saa nane mchana, siku ya mkesha, viatu mkononi na tope hadi magotini. Ulikuwa mlangoni umevaa shati lako la shule. Nikaanza kuinama. Kabla sijafungua kinywa, mbele ya majirani, na Shirin ameshika begi langu, ulipiga goti moja ukasema, "Shikamoo, Mageni."

Mama wa jirani alidondosha ndoo yake ya maji. Mimi nilipotewa na Kiswahili na Kisukuma pamoja, nikalia. Baadaye, ukisonga ugali, uliniambia, "Kama ni heshima, iende na kurudi. Nimeanza mimi." Ugali ulikuwa na mabonge, baba. Nashukuru kwa kila bonge. Siku saba tulibishana vizuri, tukafagia kwa mama, na sikudai tena lile neno, kwa sababu nilikuwa nimepewa zaidi ya nilichoomba.

Ila nikiwa juu ya kivuko moyo ulinishtuka. Ulipiga goti kwenye tope, ukangoja, na sikukuitikia. Sitaki kufanana na yule mla muwa.

Marahaba, baba.

Mwanao,
Mageni

Ngokolo
17 Januari 1998

Mageni, ng'wanone, binti yangu,

Kifua ni kizima. Mahindi yameota. Mwambie Bibi Euphrasia kwamba nyumba hii inamshukuru kwa kijiko chake, na siku akipita Shinyanga nitamwamkia mimi, yeye akiwa ameketi.

Neno hili nimelijaribu kwanza kwa sauti, peke yangu, redio nikiwa nimeizima.

Marahaba, mwanangu. Hiyo ni ya barua yako ya mwisho. Za shikamoo zako zilizotangulia sitaziandika. Nitakwambia mlangoni, Pasaka, mkono wangu ukiwa kichwani kwako.

Baba