Bibi Mkubwa Amezaa

Nyumbani,
Jumapili, 14 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Unakula, au bado unashinda maabara na chai kavu? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua kidogo, ila ulimi wake uko imara kama unavyoujua.

Haya, kaa kitako. Bibi Mkubwa amezaa! Ndama jike, mweusi tii, na maziwa ni safi.

Unajua tulikotoka. Mara mbili alipozaa, kiwele kilivimba kikawa cha moto, akawa anatoa mabonge na majimaji. Dawa zinamponya, ugonjwa unarudi. Safari hii Baba aliapa: likionekana bonge moja tu, ng'ombe anachinjwa. Muuza nyama akaambiwa kabisa aje Jumamosi.

Tena nikuchekeshe. Daktari wa mifugo alipokuja kuwadunga ng'ombe wetu ile chanjo yenu ya majaribio, aliuliza tunaanza kumkamua nani. Baba akajibu kwa fahari kwamba ni Bibi Mkubwa, maana mkubwa hatanguliwi na mdogo. Daktari akashika kichwa. Kumbe heshima yetu ndiyo iliyokuwa ikibeba vijidudu, kwa mikono ileile na kitambaa kilekile, kutoka kwa mgonjwa hadi kwa wazima! Sasa anakamuliwa mwisho, na kila ng'ombe ana kitambaa chake. Baba alinuna siku tatu. Mpaka leo humwomba radhi kabla ya kumkamua.

Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, lilikwisha, Ijumaa ikafika. Baba alichuchumaa mwenyewe na kikombe cheusi cha kuonyesha mabonge. Chuchu ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, safi. Ya nne, ile iliyotutesa, nilifumba macho. Nikamsikia Baba anacheka. Mdogo wangu, nililia kama mtoto.

Daktari alipofungua bahasha yake ya siri iliyoandikwa nani alidungwa nini, tukajua Bibi Mkubwa kweli alidungwa chanjo, si ile sindano ya maji ya kulinganishia. Wenzake wawili waliopata maji wameugua kiwele, wanatibiwa. Najua utasema zizi moja si ushahidi. Sawa, mtaalamu, lakini niache nifurahi!

Jana muuza nyama akaja na kamba yake. Baba, yuleyule aliyekuwa akisema umetuachia ng'ombe ukaenda kuchezea vichupa, alimkaribisha chai ya maziwa. Mgeni alipomaliza kikombe, Baba akamwambia, "Huyu hauzwi. Kachanjwa na mwanangu."

Mpe salamu mkeo, na wabusu pacha. Mama na shangazi wanakukumbuka kila siku. Mungu aibariki mikono yako, akuongezee subira na usingizi.

Dada yako akupendaye bila kipimo,
Kiherehere