Chungu cha Babu Kwenye Orvanda

Jumatatu, 16 Februari

Siku ishirini na nne! Gemu ya Orvanda ya pili inatoka tarehe 12 Machi na safari hii nadhani kweli. Wameshaahirisha mara tatu. Mara ya mwisho nilisoma tangazo nikiwa kazini dukani, nikamtolea mteja kopi kumi za upande mtupu wa cheti chake cha ndoa.

Godbless anaapa kwamba banda lake la gemu hapa Njoro litakuwa la kwanza Moshi nzima kuwa nayo. Kanunua mashine mpya. Laptopu yangu hata ile ya kwanza iliicheza kwa kukohoa.

Naogopa ramani itakuwa kubwa halafu tupu. Naogopa farasi watakwama hewani tena. Naogopa TANESCO watakata umeme. Kuna mtu kwenye jukwaa la mtandaoni kaandika eti mlima ni pambo tu, huwezi kuupanda wote. Nilimjibu vibaya, lakini mlima ule ni wangu kidogo! Mwaka juzi watengenezaji waliomba mashabiki wa milimani watume sauti za kwao. Nikatuma kumi na mbili — maji ya mfereji, mvua kwenye migomba, mbega, bibi akitwanga. Moja kati ya hizo ni ya babu Sifael. Kama wamezitumia, jina langu litakuwa kwenye orodha ya mwisho. Kindness Filemon, Tanzania.

Babu alifariki Agosti. Nataka kumsikia tena. Hiyo ndiyo sababu kubwa, basi, nimeisema.

Alhamisi, 19 Februari

Trela kesho saa nane mchana.  Nimemwambia bosi nitachelewa kula.

Ijumaa, 20 Februari

Nimeiona. 

Mwanzo nililia kwa raha. Migomba! Mifereji! Ukungu unashuka kama kule kwetu saa kumi na mbili asubuhi. Halafu yule shujaa akaingia kwenye nyumba ya nyasi, akapiga chungu kwa rungu. Kawaida tu, kwenye gemu za hivi kila chungu unavunja uone kuna nini ndani. Chungu kikapasuka — na babu akaongea.

Babu yangu. Kichagga chake cha Machame, na kile kikohozi kidogo kabla ya neno la kwanza. Sekunde nane. Shujaa akaokota kipande cha dhahabu akaendelea na safari.

Si sauti hiyo, Mungu wangu. Mimi nilituma ile anaita ng'ombe!

Jumamosi, 21 Februari

Nimefungua barua pepe ya mwaka juzi. Namba tisa, kwa mkono wangu mwenyewe: mzee, chungu kinavunjika. Wale watu walitafuta sauti ya chungu kuvunjika, wakaipata. Wamefanya walichoambiwa.

Na sikukosea kidole. Nisijidanganye hapa ambapo hakuna anayesoma. Niliituma kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko zote kumi na mbili.

Sijawahi kuandika ilivyokuwa. Babu aligawa kihamba chake, shamba la nyumbani, mara mbili, juu kwa baba, chini kwa shangazi Stella aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika. Akapanda masale, mimea ya majani marefu, katikati kwa mkono wake. Masale ndiyo mpaka, hakuna anayeyagusa. Asubuhi moja yakakutwa yamehamia hatua nne ndani ya upande wa shangazi. Migomba yake sita imekuwa ya kwetu. Babu aliuliza wiki mbili. Baba akasema hajui, labda mvua. Mvua!

Ndipo babu akatoa chungu cha kulaani. Asubuhi kweupe, ukoo wote umesimama. Alikivunja, akasema maneno. Mimi nilikuwa nyuma ya zizi, simu mkononi, nikirekodi na kufikiria ubora wa sauti.

Kwa Kiswahili ni kama hivi: aliyeng'oa masale haya, ale asishibe, alale asipumzike, anachofuga kisisimame — mpaka ayarudishe kwa mkono wake mbele ya aliyemnyang'anya.

Shangazi alihamia Kwa Sadala, anauza ndizi sokoni. Hajamsalimia baba tangu siku hiyo. Ng'ombe wetu wawili walikufa mwaka jana. Daktari wa mifugo alisema ni kupe. Hata mimi nilisema ni kupe.

Jumapili, 22 Februari

Nimepanda nyumbani. Ibada, halafu mtori kwa bibi. Sikutaka kumwambia mtu. Ila nilikuwa barazani nairudia trela kwa mara ya ishirini, waya wa spika za masikioni ukachomoka.

Babu akaongea pale pale barazani kwake.

Baba alikuwa mlangoni na kikombe. Hakukiangusha. Alikiweka chini taratibu mno, akaniuliza nimetoa wapi hiyo. Nikamwambia. Akauliza, watu wangapi watacheza? Nikasema ya kwanza ilinunuliwa na watu milioni tisa. Akauliza vyungu viko vingapi humo ndani. Nikasema sijui, baba, vingi.

Alikwenda kukata majani ya ng'ombe. Jumapili! Mzee wa kanisa! Na ng'ombe tuliye naye ni mmoja, alikuwa ameshakula.

Sawa. Naandika. Ni baba aliyehamisha masale. Nilijua siku zote na sikutaka kujua.

Jumatatu, 23 Februari

Nimekaa na trela chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Kuna kitu kibaya zaidi. Wameikata sauti. Inaishia kwenye "kisisimame". Ile "mpaka ayarudishe" haipo!

Labda ni trela tu. Trela hukatwakatwa. Kwenye gemu yenyewe labda maneno yapo yote. Nimewaandikia. Nimeandika kwa adabu, nikafuta, nikaandika upya, mwishoni nikaomba tu: iondoeni, au iwekeni yote. Sikueleza kwa nini. Ningeelezaje? Kwamba msichana anayewauzia wanafunzi bahasha hapa Njoro anaogopa chungu cha kwenye kompyuta?

Naogopa lakini. Naogopa sana.

Ijumaa, 27 Februari

Wamejibu! Dada mmoja mchangamfu. Anashukuru, anasema ofisi nzima wanaipenda sauti ya mzee, wengine wanaigiza wakiwa jikoni wanasubiri kahawa. Gemu imeshafungwa, hakuna kinachobadilika kabla ya tarehe. Labda kwenye sasisho la baadaye. Kama maneno yapo yote au la, hawaruhusiwi kusema, nitasikia pamoja na wenzangu. Akaweka na moyo mwekundu mwishoni.

Wanaigiza! Wanasubiri kahawa!

Jumapili, 1 Machi

Nimemwambia bibi yote. Alikuwa anamenya ndizi, kisu hakikusimama hata mara moja. Nikamuuliza: bibi, wewe unaamini? Akasema yeye anamwamini Yesu, na kwamba hilo silo swali. Swali ni kwamba Sifael alikufa bila kutengua.

"Sasa nani atatengua?"

"Aliyeumizwa. Akipelekewa isale. Ukipelekewa isale huwezi kukataa."

Jani moja la isale, la yale masale ya mpaka, mkononi, ndiyo kuomba msamaha kwetu. Nikamwambia basi baba apeleke, kazi iishe. Bibi akaniangalia kama anaangalia maziwa yaliyochacha. Akasema mwanawe ni mwoga, na isale inataka useme ulichofanya kwa mdomo. Halafu akasema jambo ambalo limenikaa kifuani hadi sasa. Kwamba mume wake alikuwa na hasira lakini hakuwa mkatili. Aliacha mlango kwenye maneno yake, ile "mpaka ayarudishe", kwa sababu alijua ni nani. Alimwachia mwanawe mlango.

"Sasa wewe, Kindi, umewapa wazungu nyumba. Kaangalie kama mlango wameuacha."

Alhamisi, 5 Machi

Jukwaani wamempa jina. Mzee wa Vyungu. Watu wanatengeneza picha za kuchekesha. Kuna kijana Brazili ameapa kuvunja kila chungu cha Orvanda na kuhesabu, anasema si chini ya elfu nne. Watu elfu sitini wamempa dole gumba. Mwingine anauliza ile lugha ni ya kubuni au ya kweli.

Wiki mbili zilizopita ningejibu mbio, ni ya kweli, ni babu yangu! Leo nimefunga simu.

Mama amepiga. Baba hali. Anasema ameshiba, sahani haijaguswa. Usiku anazunguka ndani, mchana anasinzia juu ya jembe. Mama anataka kumpeleka hospitali wampime sukari. Nikasema ndiyo mama, mpelekeni.

Ni hofu tu. Mtu akiogopa hali. Hilo halihitaji chungu. Najirudia hivi tangu mchana.

Jumanne, 10 Machi

Sukari safi. Presha juu kidogo.

Baba amenipigia mwenyewe, jambo ambalo hafanyi. 

"Ile gemu ni lini?"

"Alhamisi, saa tisa mchana."

Nilisikia kuku wa kwetu nyuma yake.

"Nitashuka. Mwambie shangazi yako naye aje. Mwambie — mwambie aje amsikilize baba yetu."

Jumatano, 11 Machi

Nimeomba ruhusa, nikaenda Kwa Sadala kabla jua halijawa kali. Shangazi Stella alikuwa anapanga mikungu. Nilimwamkia, nikamchezeshea trela hapo hapo kati ya ndizi na wateja. Kwenye neno la kwanza aliketi juu ya gunia. Akaomba tena. Mara ya tatu akafuta macho kwa kanga akasema, "Baba alikuwa na mafua siku ile, nakumbuka, nilimchemshia tangawizi."

Nikamwambia baba anataka aje.

"Nitakuja kumsikia baba yangu," akasema. "Baba yako — kaka yangu, sina habari naye."

Halafu akaniuliza mbona maneno yameishia njiani. Nikasema sijui, shangazi, kesho ndiyo tutajua. Akanitolea ndizi tatu mbivu za njiani. Zimo bado kwenye begi, sikuweza kula.

Alhamisi, 12 Machi

Saa nane na nusu. Bandani kwa Godbless. Amewafukuza wateja wote mpaka saa kumi, amefunga pazia. Nilimweleza asubuhi. Alicheka, akaacha kucheka, akasema, "Dah, sista, mimi kwetu ni Kibosho, hayo mambo nayajua." Amevaa shati la kola.

Saa tisa kasoro. Baba amefika. Koti la kanisani, kwenye joto hili. Shati linamcheza shingoni. Amekaa benchi la kushoto, mkono ndani ya koti. Ncha ya jani inaonekana. Amekuja nalo! Jana asubuhi, kanong'oneza, aliyarudisha masale kule juu, yote, hatua nne, bibi akimwangalia. Lakini babu alisema mbele ya aliyemnyang'anya. Hilo bado.

Saa tisa. Shangazi ameingia, amekaa benchi la kulia. Hawajaangaliana. Godbless ana soda mbili, hajui ampe nani kwanza.

Inapakuliwa. Asilimia arobaini na moja. Miaka minne nimeisubiri hii siku.

Sabini na nane. Umeme umecheza kidogo, sote watu wazima tumeshika viti.

Imefunguka. Muziki ni mzuri, laiti ningeweza kuusikia. Godbless anacheza harakaharaka kufika mlimani. Migomba. Mfereji wetu, sauti yangu namba moja. Nyumba ya nyasi. Chungu kiko kwenye kona, kizima. Godbless ameweka padi ya kuchezea chini. Anasema yeye hapana, hachezi hapo.

Baba amesimama. Amelitoa jani. Amesema. Kichagga, sauti ndogo, ila amesema yote, hatua nne, migomba sita, na kwamba si mvua. Ameshika isale mbele ya shangazi kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona baba akimwomba mtu kitu.

Shangazi hajalipokea. Haruhusiwi kukataa, bibi alisema! Hajakataa pia. Amelitazama, amemtazama baba usoni, kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Halafu amenyoosha mkono akachukua padi ya Godbless, mikono yote miwili, kama anavyoshika sinia.

"Nimsikie baba kwanza," amesema. "Nisikie kama wameiacha ile 'mpaka ayarudishe'."

Baba bado amesimama na jani lake. Shangazi hajawahi kugusa gemu maisha yake. Anaigeuza padi, anatafuta, sasa ananiangalia mimi. Anauliza kuvunja ni kitufe kipi.

Nakijua. Nimekijua miaka minne, lakini kama mlango wa babu haumo ndani? Ananiuliza tena.