Tramu Mpya, Mwalimu Si Mimi

Alhamisi, Novemba. Rasharasha tangu alfajiri, na mimi nimenuna kuliko mbingu.

Barua imekuja. Kazi ya kuwafundisha madereva tramu mpya kapewa dereva mwenzangu, Daniel.

Tramu za zamani, hivi vigari-moshi vya mjini vya huku kusini mwa London, nimeziendesha miaka kumi na tisa. Milango inagoma, hita inachoma miguu na kuacha mikono ikiganda. Mpya zilipotangazwa nilifurahi kweli, na ualimu ule niliutaka kama mtoto anavyotaka nguo ya Idi. Sijamwambia mtu hilo, ila hapa.

Wahandisi walipotaka kujua njia ya reli inasumbua wapi, niliwapa daftari zima nililoliandika. Pale mteremko wa makaburini, majani ya miti yakilowa juu ya reli, ukingoja kibao cha kupunguza mwendo ndipo ufunge breki, umeshachelewa. Niliyajua hayo kwa kuteleza mwenyewe. Daniel nilimchukua siku mbili tu, anipigie picha za njia.

Kisha intavyuu. Mama mmoja mpole akaniuliza lile daftari nililiandaa vipi. Nami, kwa malezi yangu ya Unguja, nikaona haya kujisifu. Kwetu kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikasema ni kazi ya wenzangu wote, na hasa Daniel alijitahidi sana. Nikatabasamu, nikangoja waseme wao, "La, tumesikia ni wewe."

Hawakusema. Waliandika.

Daniel alipoulizwa akajibu kwamba daftari ni kazi yake. Simlaumu.

Uongo. Namlaumu mno.

Mke wangu kaisoma barua mara mbili. "Si umempa mwenyewe, Baba Salma?" Salma naye akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba hapa asiyejisema hayupo. Kazaliwa hapa, anajua. Nimekasirika zaidi kwa kuwa kasema kweli.

Barua inasema nina siku tano za kupinga. Jioni hii nimekaa kwenye kompyuta, nikaandika: "Daftari lile niliandika mimi." Nikafuta. Nikaandika tena. Ni kweli tupu, na uso uliniwaka kama niliyekamatwa na mali ya watu. Nikajilazimisha, nikaituma barua pepe hiyo.

Sasa naisoma tena, naona kwamba chini kabisa, kabla ya jina langu, nimeongeza kuwa Daniel ni mtu mzuri na anaiweza kazi.

Nani kaniomba?