Thelathini na Sita Nukta Nne

Runyenjes,
29 Agosti 2020

Kwako Dada Gatwiri,

Pokea salamu kutoka kwa kijana ambaye, kwa wiki mbili nzima mwezi uliopita, aliizuia Korona isiingie Runyenjes kwa mkono mmoja tu, ule mwingine ukiwa mfukoni. Cheka ukitaka. Serikali ilifunga barabara, ikaweka kafyu, ikatuhubiria kila siku kwa redio, na bado ikashindwa. Mimi nilikuwa na mlango mmoja wa kliniki ya meno, kiti cha plastiki na kipima joto, na haikupita.

Lakini hujambo? Na hilo tumbo linaendeleaje? Mwambie Kailemia aache kukubebesha miraa na mimba imefika miezi minane. Yeye ndiye mwanaume wa Laare anayejisifu sokoni, basi abebe. Wewe ni mke wake, si pikipiki.

Mimi niko mzima wa mwili. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu hunipi nafasi. Ukianza kusema ni kama redio iliyopoteza kitufe cha kuzimia. Barua hii nampa dereva wa pikapu ya miraa akirudi huko bila mzigo, nawe uisome ukiwa umekaa, mpaka mwisho.

Unajua Daktari Igoki alifunga kliniki mwezi wa tatu. Wengine waliweza kuuza mboga wakiwa na barakoa, lakini meno huwezi kung'oa mtu akiwa amefunga mdomo. Miezi minne watu wa hapa walilala na mashavu yamevimba kama wamefichia maandazi. Alipopata ruhusa ya kufungua aliniita mimi. Si mwenye cheti, si mwenye Kidato cha Nne. Mimi Mugendi, niliyeacha shule kidato cha pili nikiwa bado nadaiwa dawati. Alisema anataka mtu mwenye mdomo mgumu mlangoni. Hapo alikuwa amemaliza kutafuta.

Masharti yalikuwa mengi kuliko ya kuoa. Mgonjwa anapiga simu kwanza. Anakuja peke yake, si na shangazi watatu. Ananawa kwenye tangi nililofunga mfereji mwenyewe, napima joto la paji la uso, naandika kwenye daftari. Akizidi thelathini na saba nukta tano, anarudi nyumbani. Akiwa sawa anaingia, anasukutua dawa kwa dakika moja, ndipo anapanda kiti. Akitoka, tunafungua madirisha nusu saa na mimi napangusa kila kitu, hata taa. Daktari alikuwa anavaa gauni, glavu mbili na ile ngao ya plastiki ya uso, mpaka anafanana na mtu anayekwenda kurina asali.

Sasa, dada, nani alikwambia watu wa Runyenjes wanasikia? Walinichosha. Mmoja ananiambia barakoa yake ameiacha kwa jirani kwa sababu ni ya kushare. Mwingine anaivaa vizuri, akitaka kuongea anaishusha, akinyamaza anairudisha. Mwingine amefika na veve, miraa ya kutafuna, shavuni, na jino analolilia liko shavu hilo hilo. Namwambia ateme, ananiuliza ateme wapi na nimemkataza kutema. Ukiwafukuza wanasema kijana wa mama fulani amepewa cheo akawehuka. Ukiwaruhusu, Daktari anakutazama kupitia ile plastiki, na hilo ni baya kuliko matusi.

Onyo moja tayari nilikuwa nalo. Wiki ya kwanza nilichukua ngao moja ya uso nikaivaa kwa boda boda mpaka sokoni, mainzi wakawa wanagonga mbele yangu wakianguka, wasichana wananipigia makofi. Daktari akaambiwa. Aliniita akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba vifaa vya kliniki havitoki nje, na kwamba nikigusa kingine nitafute mlango mwingine wa kulinda. Nikamwambia nimesikia.

Afisa wa afya alipokuja kukagua alipenda daftari langu kuliko kitu chochote. Alisema hajaona safi kama hilo kliniki yoyote. Nilimwambia mwandiko mzuri ni wa ukoo.

Halafu wiki ya tatu ikaja. Jumanne alifika Mwirigi, yule mzee wa chai wa Kibugu anayebishana hata na mvua. Alikuwa amejifunga shuka shingoni, anatetemeka kwa maumivu ya jino, akasema akiambiwa arudi atalala hapo mlangoni mpaka nimruke. Nilielekeza kipima joto, nikaandika, akaingia. Alitobolewa jino kwa ile mashine inayorusha maji, likazibwa, saa nzima.

Jumatano akaja Cucu.

Nyanya yetu alikuwa ameteswa na lile gego la chini tangu Pasaka, unakumbuka alikuwa anakula uji tu. Alivaa kile kitambaa cha Chama cha Akina Mama na barakoa aliyoshona mwenyewe kutoka pazia la jikoni, ambalo najua uliliulizia liko wapi. Alitembea kutoka nyumbani na fimbo ili asikae na watu kwa gari, akafuata kila sharti. Alinawa mpaka kwenye viwiko. Nilipomwelekezea kipima joto alifumba macho akasimama wima kama anaombewa. Kwenye foleni aliambia watu kwamba huyu mjukuu wake sasa ni nusu daktari, na mimi sikukataa.

Gego lilitoka zima. Alipomaliza kuuma pamba na damu ikakauka, alishuka kitini, akamwomba Daktari anyooshe mikono. Unajua kilichofuata. Kile alichotufanyia sisi wote tulipozaliwa, alichokufanyia siku ya kwenda Laare kuolewa. Alishusha pazia la jikoni kidogo, akatema mate ya baraka kwenye viganja vya Daktari, kidogo tu kama umande, akamwambia mikono hii isimuumize mtu. Daktari alikuwa ameshavua glavu. Angeweza kurudisha mikono nyuma. Hakurudisha. Alisimama akainamisha kichwa, na Cucu alipotoka ndipo akaenda kunawa. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha kupangusia, nikaona yote.

Siku tano baadaye Daktari alianza kukohoa. Wiki hiyo hiyo alichukuliwa hospitali akawekewa oksijeni, siku nne. Kliniki ikafungwa tena, na kwenye lango kuna karatasi niliyoibandika mwenyewe.

Yule afisa wa afya alirudi akakaa na daftari langu. Alipitisha kidole kila mstari. Hakuna aliyekuwa na joto. Hakuna hata mmoja aliyekaribia. Akafunga daftari akasema basi ugonjwa haukupita mlangoni, umepita kwingine, akaniuliza kama kuna jambo lisilo la kawaida lililotokea ndani. Nikamwambia mate ya Cucu. Yalinitoka tu, dada, kama mtu anayepumua.

Yaliyofuata unayajua upande wako. Sokoni wanamwita mama wa mate. Kanisani walimwambia asali nyumbani, na hata baada ya zile siku kumi na nne kuisha, benchi yake inabaki tupu pande zote mbili. Hakukohoa hata mara moja. Wewe nawe ukampigia simu ukamwambia ameua daktari wa watu kwa ushamba wake. Najua ulisema, kwa sababu nilikuwa hapo na simu ilikuwa kwa spika. Cucu aliweka simu chini. Alikata viazi vyote vya chakula cha jioni, akakata na vya kesho, ndipo akaniambia kwamba mtoto wako akizaliwa atamsalimia kwa dirisha, na kwamba hatatemea mtoto wa mtu tena mpaka aingie kaburini.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika hii barua. Nimeirarua mara mbili.

Daktari ametoka hospitali. Yuko kwake, anatembea mpaka jikoni na kurudi, na kupumua kwake unakusikia kutoka mlangoni. Nilimpelekea maziwa Jumapili. Aliniuliza Cucu anaendeleaje, akanituma nimwambie asijilaumu. Sikuufikisha ujumbe. Njiani nilikutana na Mwirigi akitoka dukani, mzima kabisa, anacheka na jino lake lililozibwa. Aliniambia kile kipima joto changu ni kijinga sana, kwa sababu siku ile alikuwa anawaka mpaka shuka limelowa, na alishangaa nilipomwambia yuko sawa.

Kipima joto si kijinga, Gatwiri. Kinatumia betri mbili ndogo. Jumapili ile ya mwisho ya ligi ya Uingereza nilizitoa nikaziweka kwenye redio yangu, nikasikiliza mechi mpaka zikafa. Jumatatu nilizirudisha na kioo hakikuonyesha kitu. Duka liko hatua kumi kutoka langoni. Lakini foleni ilikuwa imeshajaa, na ningesema mashine imekufa Daktari angeuliza betri zilikwenda wapi, na onyo langu la pili lilikuwa ni la kufukuzwa. Kwa hivyo nilielekeza tu. Nilifinya, nikatoa mlio kwa mdomo ndani ya barakoa, nikaandika thelathini na sita nukta nne. Jumatatu yote, Jumanne yote, wiki nzima. Ndiyo mistari afisa aliyoipitishia kidole akasema ugonjwa haukupita mlangoni.

Kesho asubuhi nampelekea Daktari hilo daftari na betri zenyewe. Lakini wewe nimekuandikia kwanza, ili nikiogopa huko njiani, barua iwe imeshafika Laare na siwezi kuirudisha.

Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi. Mpigie Cucu. Mwambie hakumwambukiza mtu, na umwombe aje na mate yake mtoto akifika, kwa sababu mimi nikimwomba atajua nina jambo, na nitashindwa kumtazama. Msalimie Kailemia, na mwambie sina la kujisifu wiki hii.

Siku ile alifumba macho, dada, akasimama pale akinisubiri nimpime. Na yeye nilimwandikia thelathini na sita nukta nne.

Ni mimi ndugu yako,
Mugendi