Chumvi Kwenye Kambale wa Maduhu

Ugalla,
Tarehe 9 Agosti.

Mwanangu Maduhu,

Kwanza pokea salamu zangu, na za baba yako, na za ng'ombe pia maana nao ni watu wa nyumba hii. Baridi ya Makambako inakutendeaje? Mkeo Theopista mgongo umepona? Watoto wanakula vizuri? Usinijibu tu kwamba wote hamjambo, maana hivyo ndivyo unavyojibu kwenye simu hata ukiwa na malaria, na mimi nalala macho. Sisi huku ni wazima. Baba yako goti linamsumbua akitoka zizini, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mahindi tumevuna, mzinga mmoja nyuki wamehama, na yule ndama mwekundu amekuwa dume la kutisha watu.

Utashangaa mama anaandika barua wakati simu ipo. Kwenye simu mtu akinyamaza hujui kama ni mtandao au ni hasira. Na herufi zangu ni zile zile za kisomo cha watu wazima, kwa hiyo soma polepole kama nilivyoandika polepole, wala usirukie mwisho.

Mwezi uliopita msimu ulifunguliwa, na mashindano ya kuvua yakafanyika pale mtoni kama kila mwaka. Najua hutaki kuyasikia. Tangu mwaka ule walipokufuta mbele ya watu, miaka kumi na miwili sasa, umekuja nyumbani mara mbili tu, na mara zote ukaondoka kabla mtu hajashika ndoano. Ila mwaka huu lazima uyasikie, baba. Vumilia.

Ungefika usingepajua. Siku hizi kuna turubai, kuna kipaza sauti, kuna kijana mshereheshaji anayeongea kama redio ya Dar es Salaam, kila neno "wanangu wa Ugalla, mpo?" Bodaboda zimepangwa mpaka kule kwenye mashamba ya tumbaku. Vijana wamevaa fulana zenye picha ya samaki. Wanawake wana zamu yao, na mwaka huu aliyeshinda ni Lidia, yule mwenye mgahawa. Aliwaambia wanaume kwamba kazi yao sasa ni kumwoshea sufuria.

Na samaki hawaliwi! Ndiyo, umesoma sawa. Ukimvua, wanamlaza kwenye ubao wenye alama za sentimita, wanampiga picha kwa simu, halafu wanamrudisha majini anaondoka zake. Wanasema samaki wamepungua, lazima wazaane. Mzee Cyriaque alipoona kambale wa kwanza anarudishwa alisimama akauliza kama wamemvua ili wamsalimie. Watu walicheka mpaka mshereheshaji akasahau zamu ya nani. Lakini mimi naona wana haki. Zamani ukitia mkono kwenye matete unatoka na samaki. Sasa mtu anakaa toka asubuhi anabadilishana macho na maji.

Nilipofika huku na baba yako na ng'ombe zetu, mwaka wa themanini na nane, hayakuitwa hata mashindano. Wenyeji waliteremka mtoni siku ya kwanza ya msimu, wanaume na migono yao, ile mitego ya fito, wanawake na vikapu, na mshindi alikuwa yule ambaye samaki wake amelisha watu wengi. Mzee Cyriaque alipima kwa shibiri, mkono wake huo huo, na hakuna aliyebisha. Zawadi ilikuwa kibuyu cha asali na maneno mazuri. Sisi Wasukuma tulichekwa kwamba tunajua ng'ombe tu, tutazama kwenye maji ya magoti. Nikaamua nitajifunza. Wale akina mama wakanifundisha kazi ya mwanamke siku ile: samaki akitoka majini, usimwache na jua. Unamfungua mdomo, unamsukumia chumvi ya mawe mpaka tumboni kwa kijiti, unamfunika majani mabichi. Jioni akifika chunguni hajaharibika. Nilifanya hivyo miaka na miaka, mpaka mikono ikawa inafanya yenyewe wakati mimi naongea mengine.

Baadaye ndoano zikachukua nafasi ya migono. Halafu ukaletwa mzani, ule wa kupimia tumbaku, na shibiri ya mzee ikawekwa pembeni. Na ule mwaka wako ndipo zawadi ikawa baiskeli mpya, ameitoa Seleman mwenye duka Mpanda mjini. Baiskeli ndiyo ilileta masharti. Walisoma karatasi asubuhi kwamba samaki apimwe kama alivyotoka majini, na atakayekutwa na kitu tumboni mwa samaki wake anafutwa. Wewe ulikuwepo yaliposomwa. Mimi nilikuwa nyumbani napika.

Siku ile wewe unaijua kwa upande wako. Ulivua kambale ambaye wazee walisema hawajaona mfano wake, ukamwacha kwa Respicius, rafiki yako tangu mnachunga pamoja, ukaenda kuandikisha jina. Ulivyorudi mkampeleka kwenye mzani. Kilo kumi na moja. Samaki wa Respicius alikuwa tisa na nusu, wa pili. Mpimaji akambonyeza tumbo, akasikia mawe, akapasua, chumvi ikamwagika. Wakasema umetumia akili ya kishetani, kwamba ulichagua chumvi ili iyeyuke na ushahidi upotee. Wakakuita Bwana Chumvi. Baba yako akapanda kwenye kreti la soda akaapa kwamba nyumba yake haina mwizi, aliyetia ni aliyebaki na samaki, na baiskeli inakwenda kwa nani kama si kwa huyo huyo? Wewe ukamrukia Respicius mbele ya watu. Tangu hapo nusu ya kijiji inakusema wewe na nusu inamsema yeye, na nyie wawili hamjasemeshana.

Sasa nikwambie ya mwaka huu. Mshereheshaji alitaka wazee waeleze mambo yalivyokuwa zamani. Nikasukumwa mbele, nikapewa kipaza sauti, nikakishika kama mwiko. Nikaeleza migono, shibiri, kibuyu. Watu wanafurahi. Nikafika kwenye chumvi. Kijana mmoja akapaza sauti kutoka juu ya pikipiki yake, akauliza kama ni chumvi kama ile ya Maduhu. Wakacheka wote. Respicius sasa ndiye mshika ubao wa kupimia, watu wanamwamini kwa kazi hiyo, lakini nilimwona anainama anafuta ubao ambao haukuwa na maji.

Mwanangu, nilisema pale pale. Nilisema chumvi ile ni yangu.

Ni mimi, Maduhu. Niliwaletea ugali. Sikumkuta Respicius, alikuwa ameteremka kunawa. Nikamkuta kambale peke yake, jani limepeperuka, jua linamchoma, nzi wamejaa. Nilikuwa nimetoka dukani kwa Mwanaiddi na nusu kilo ya chumvi ya mawe kwenye khanga. Nikawaza mwanangu kavua samaki wa namna hii halafu wanamwacha aoze, watoto hawa hawana akili. Nikamsukumia yote, nikamfunika vizuri, ugali nikaondoka nao niwape mkirudi, nikaenda kwa mama mmoja kuangalia mbegu. Sikujua masharti ya karatasi. Niliporudi, tumbo limeshapasuliwa na baba yako yuko juu ya kreti.

Nilifungua mdomo niseme. Ila baba yako alikuwa ameshaapa, ameshamtaja mtoto wa watu, na mimi nikaona nikisema namfanya muongo mbele ya kijiji ambacho ndiyo kwanza kimeanza kutuita wenzao. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ukawa umepanda basi. Kila ulipopiga simu nilijiambia leo, halafu ukaniuliza habari za ng'ombe, nikajibu za ng'ombe. Sijisafishi. Nilikuwa mwoga, na wewe na Respicius ndio mliobeba.

Lakini kuna jambo hawakulifikiria siku ile, na mwaka huu nimeliweka wazi kwa kipaza sauti. Chumvi ilikuwa nusu kilo, nilipimiwa dukani, na Mwanaiddi mwenyewe alinyoosha mkono akasema anakumbuka kwa sababu aliniongezea punje. Toa nusu kilo kwenye kumi na moja. Kambale wako bado alimzidi wa Respicius kwa kilo nzima. Ulikuwa umeshinda, mwanangu. Hukuhitaji chumvi ya mtu. Kamati ilikaa kwenye turubai, Mzee Cyriaque akawagombeza, na kabla ya jua kuzama jina lako lilisomwa kuwa ndiye mshindi wa mwaka ule. Watu walipiga makofi. Yule kijana wa pikipiki alikuja kunishika miguu, nikamwambia aondoke asinichafulie viatu.

Baba yako nilimwambia nyumbani, kabla hajaambiwa na majirani. Alikula ugali wote, akanawa, ndipo akasema nimemfanya muongo miaka kumi na miwili na mboga haikuwa na chumvi. Kesho yake alichukua fimbo akaenda mwenyewe kwa Respicius kuomba radhi. Alikaa huko mpaka mchana.

Mimi nilikwenda baada yake, nikapiga magoti kwenye kizingiti. Respicius aliniinua. Akaniambia yeye siku zote aliamini ni wewe uliyetia, na kilichomuuma si kupigwa, ni kwamba uliiba halafu ukamsingizia. Kumbe na wewe umeamini hivyo hivyo juu yake. Alilia, mwanaume mzima mwenye watoto wanne. Halafu akacheka, akasema mama Hana, kuanzia leo kwako sili kitu chenye chumvi.

Sikuombi uniambie umenisamehe. Ukiwa na hasira na mimi, kasirika, mimi ni mama yako nitakuwepo. Ninachokuomba ni kingine. Barua hii sikuipa kondakta wa basi. Amekuletea Respicius mwenyewe. Nilimwambia ampe mkeo, maana Theopista hamfahamu, asiseme jina lake, akae nje akusubiri mpaka umalize kusoma. Amesafiri siku mbili, Mpanda, Sumbawanga, Mbeya, na namjua yule, njiani hali kitu. Basi mfungulie mlango.

Nisalimie Theopista, mwambie mgongo ausugue kwa mafuta ya nyonyo. Wabusu watoto mmoja mmoja, usiwajumlishe. Baba yako anakusalimu. Mzee Cyriaque anauliza kama bado unajua kufunga ndoano. Mungu awatunze, ng'wanawane, mwanangu.

Ni mimi mama yako,
Hana, mke wa Masunga